Siku Adriano Aliponiamkia kwa Adabu

Mnyamwezi akimwamkia Mgogo kwa adabu, ujue kuna nyumba inaungua mahali. Ndivyo nilivyolelewa, na sijaona sababu ya kubadili.

Jina langu Levina, Mgogo wa Manyoni, ila hapa Gongoni ukiuliza Levina utazungushwa mpaka viatu viishe soli. Uliza Mama Shukrani muuza chai. Mume wangu Elieza ndiye aliyenileta Tabora, na yeye aliletwa na kazi ya reli. Tangu tufike nimekaa barazani kwangu na jiko, birika na kikaango cha chapati. Kushoto kwangu na nyuma yangu ni ukuta. Kulia kwangu ni kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni Adriano, Mnyamwezi wa Puge kule Nzega, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili ukiondoa zile zenye mechi kubwa. Huyo ndiye ninayetaka kumsema leo, na namsema akiwa anasikia, maana kati yetu ni turubai tu.

Asiyejua aelewe kwanza: Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Mambo yalianzia kwenye njia ile ya zamani ya misafara. Mababu zake walikuwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, na katikati ya safari ilikuwepo nchi yetu, kavu, visima vya kutafuta kwa tochi. Mababu zetu wakakaa visimani wakasema, unakunywa? Lipa hongo. Siku hizi hongo ni rushwa na unafungwa; enzi zile ilikuwa ushuru wa kupita. Wakagombana, wakapatana, na mpaka leo tunatukanana bila mtu kununa. Adriano akifungua kibanda asubuhi hanisalimii. Ananiuliza, "We Mgogo, bado upo? Nimesikia wanakusanya ombaomba wawarudishe kwao." Namjibu, "Kunywa chai, mpagazi, halafu unibebee lile gunia la mkaa. Ndiyo kazi uliyoumbiwa." Wateja wanacheka, chapati zinakwisha.

Basi asubuhi moja, nimeinamia jiko, nasikia sauti juu ya kichwa changu: "Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Nikainua macho. Adriano, mikono ameikutanisha kifuani kama anapokea komunyo. Nikadhani ni mtego wa utani, nikamjaribu: "Marahaba, mpagazi. Mzigo umeutua wapi leo?" Akasema, "Mungu akubariki, mama," akawa anatazama nyuma yangu, sikio amelitega kama mtu anayefuatilia redio ya nyumba ya pili. Nyuma yangu ni ukuta, nimeshasema.

Niliweka birika chini.

Ugonjwa wake haukuwa siri kwangu. Dakta anauita skizofrenia. Mtaani wanauita majina mengine ambayo sitayarudia, nimeshagombana na watu vya kutosha. Ulimwanza ujanani, kabla hajahamia mjini. Alikuwa shambani Puge anapalilia mahindi, akasikia watu wanamsema upande wa pili wa mahindi, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Hawakumwita. Walimsema tu: tazama anavyoshika jembe, mwongo huyu, anajifanya. Akaenda kuwatafuta, hakukuta mtu. Dada yake Benedikta, ambaye ndiye mkubwa na ndiye mwenye kauli kwao, ananisimulia kwamba walimpeleka kila penye mlango. Mganga akasema ni mizimu ya babu ina njaa. Wakachinja mbuzi, mbuzi akaliwa, sauti zikabaki. Wakaenda kwenye maombi, akaombewa mpaka waombaji wakakauka koo. Padri ndiye aliyewaambia, "Ombeni, na mtu apelekwe hospitali. Mungu hana wivu na madaktari." Nampenda yule padri, na sijawahi hata kumwona.

Hospitali ikampa vidonge, na vidonge vikazinyamazisha sauti. Hilo tuliseme wazi, tusiwe wachoyo. Akapata akili ya kuja mjini, akajifunza kunyoa, akafungua kibanda. Lakini dozi ilipoongezwa, vidonge vikamshika mikono. Mikono ikatetemeka, shingo ikakakamaa, akawa anatembea bila kupunga, kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Wakampa kidonge kingine cha kutuliza ule mtetemo. Kikatuliza kidogo, kikamkausha mdomo. Mtu wa ofisini angevumilia. Adriano ni kinyozi. Siku alipomkata mwalimu mmoja sikioni, na mwalimu akasema "hapana neno" kwa ile sauti ya mtu asiyerudi tena, Adriano alikunja taulo zake akafunga kibanda.

Alichotaka ni kitu kimoja, na ndicho alichotaka mpaka mwisho wa habari hii: ashike wembe kwa mkono uliotulia, na mtu akae kitini pake bila woga. Hakutaka huruma. Hakutaka kurudi Puge kulishwa na dada. Alitaka kunyoa vichwa vya watu. Basi akaacha dawa, kimyakimya, bila kumwambia hata mbu. Mikono ikatulia, akafurahi. Kisha nyuma ya furaha zikaja sauti, wale wale watatu, na safari hii hawakumsema tu. Walimtuma.

Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile ya shikamoo nilijua tu kwamba mambo yameharibika. Nikamwachia binti yangu Shukrani jiko, nikakimbilia ndani kumwamsha Elieza aliyekuwa ametoka zamu. Tulipotoka, kibanda kilikuwa wazi na kiti cha kunyolea hakipo. Kile kiti ni cha mninga, kizito, watu wawili wanakihamisha kwa kulaumiana. Muuza nyanya akatuambia, "Amekibeba kichwani. Ameelekea njia ya Urambo."

Jamani! Tukachukua bodaboda, mishikaki, mimi katikati, tukamfuata. Tulimkuta nje kabisa ya mji, ile barabara inayokwenda magharibi mpaka Ujiji, ameketi juu ya kiti chake kando ya lami, jasho linamtiririka, miguu peku. Magari ya tumbaku yanapita yanampigia honi. Elieza akanong'ona, "Usimguse. Usimpigie kelele." Kama mimi ni mtu wa kupiga kelele!

"Unakwenda wapi, Adriano?" nikamuuliza.

"Mzigo huu unatakiwa Ujiji, mama. Wamesema ufike kabla ya mvua."

"Nani wamesema?"

Akanionyesha kwa kidevu, hewani. Nikatazama pale penye hewa. Nilikuwa naogopa, sifichi. Lakini nina mdomo, na mdomo wangu ukitishwa ndiyo unazidi. Nikasimama mbele ya kiti, nikashika kiuno.

"Mpagazi," nikasema, "hapa umefika Ugogo. Kisima hiki ni changu. Hapiti mtu bila hongo."

Midomo ikamcheza. "Sina kitu," akasema.

"Basi hupiti. Mzigo unarudi ulikotoka. Na hao waliokutuma waambie waje wenyewe, wanikute mimi."

Akainuka. Akakishika kiti akipandishe tena kichwani, Elieza akamwambia, "Lete tusaidiane, kaka," wakakibeba wawili, tukarudi mjini kwa miguu, mimi nimeshika viatu vyangu mkononi maana soli moja ilikuwa imebanduka. Sisemi utani ni dawa. Anayekwambia utani ni dawa mwambie Levina amekataa. Dawa ni dawa. Utani ulimrudisha mpaka mlangoni pa kliniki tu, basi. Lakini bila kufika mlangoni utatibiwa na nani?

Kwenye kliniki ya afya ya akili tulimkuta Dakta Modest, mtu mfupi, mpole, anayesikiliza kwa mwili mzima. Siku chache za mwanzo walimlaza Adriano apate usingizi na dawa ya kumtuliza. Alipopata nafuu ya kuzungumza, tukakaa wote chumbani kwa dakta: Adriano, dada yake Benedikta aliyekuja na basi la asubuhi kutoka Nzega, na mimi, ambaye hakuna aliyenialika.

Benedikta alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa sana. "Dakta, mchome sindano," akasema. "Ile ya kukaa mwilini mwezi mzima. Vidonge anaficha. Mchome, nikalale usingizi."

"Mimi siyo ng'ombe wa josho, dada," Adriano akasema chini kwa chini.

"Ng'ombe wa josho hatoroki na kiti!"

Dakta aliwaacha wakamaliza. Kisha akamgeukia Adriano akamuuliza swali ambalo, kwa maneno ya Adriano mwenyewe, hakuwahi kuulizwa: "Kwa nini uliacha?"

Adriano akanyoosha mikono yake mbele ya meza. Ilikuwa imeanza tena kutetemeka. "Kwa sababu ya hii. Mimi ni kinyozi, dakta. Nipe dawa inayoniachia mikono."

Dakta Modest aliiangalia ile mikono, akaweka kalamu chini. Ndipo akamfungulia mambo yote, taratibu, kama anayemtandikia mtu vitambaa dukani achague. Akasema sindano ya mwezi si adhabu. Wapo wanaoipenda kwa sababu inawaondolea kazi ya kukumbuka kila siku. Akasema dawa aliyokuwa akinywa ni nzuri kwa wengi, lakini kwake imekaa vibaya, na zipo nyingine ambazo mara nyingi hazishiki mikono hivyo, ingawa nazo zina vituko vyake: njaa, kunenepa, usingizi, na lazima apimwe sukari na uzito. Akasema watahama kutoka dawa moja kwenda nyingine polepole, si kwa kuruka. Akasema dawa peke yake haitoshi. Kuna mnasihi atakayekaa naye kumfundisha namna ya kuishi na sauti zitakazobaki, na kuna usingizi, na kuna kuachana kabisa na gongo na bangi.

"Zitakazobaki?" Benedikta akadakia. "Kwa hiyo zitabaki?"

"Huenda zikaisha. Huenda zikabaki kidogo, kwa mbali. Nikiongeza dozi mpaka zisisikike kabisa, huenda tukarudi kwenye mikono. Hapo siwezi kuamua peke yangu."

Adriano akasema, "Nipe hizo nyingine. Zikibaki kidogo nitabaki nazo. Na nikificha vidonge tena, nichomeni sindano, mimi mwenyewe nimekubali, dada yangu ni shahidi." Benedikta akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema, "Haya. Ila ukinitoroka tena nitakubeba wewe na kiti." Ndipo nilipojua mambo yatakuwa mazuri.

Dakta akatuuliza tena: kabla hajazidiwa, huwa mnaona dalili gani? Benedikta akasema halali. Nami nikasema, "Anakuwa na adabu."

Dakta hakuelewa. Nikamweleza habari ya shikamoo. "Siku huyu akiacha kunitukana," nikasema, "mimi namleta hapa hata kwa toroli." Dakta akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema hiyo ni alama nzuri kweli, ya kuonekana mapema, na kwamba ndugu wengi hawana alama nzuri hivyo.

"Mimi si ndugu yake," nikamwambia. "Mimi ni mtani."

Basi ikaanza ile kazi ndefu isiyo na ngoma wala vigelegele. Alirudi chumbani kwake nyuma ya kibanda. Asubuhi anakunywa kidonge kwa chai yangu, mbele yangu; si kwa kulazimishwa, anasema chai ya Mgogo ni chungu kiasi kwamba kidonge hakisikiki. Njaa ikamjia kama dakta alivyosema, akawa anakula chapati mpaka nikamwambia ataniulia biashara. Akaanza kutembea jioni mpaka stesheni na kurudi ili tumbo lipungue. Mikono ikatulia. Nilimwona siku moja amenyoosha vidole vyake kwenye mwanga wa mlango, anavitazama, hakuna hata kimoja kinachocheza. Hakujua ninamwona. Nilitoa machozi kwenye unga wa ngano.

Na sauti? Zilibaki, kwa mbali. Yule mwanamke aliondoka, wanaume wawili wakabaki. Mnasihi alimfundisha asigombane nazo na asizitii. Azisikie kama mtu anavyosikia mzozo wa majirani, kisha aendelee na kazi. Adriano akaongeza ya kwake. Aliniambia, "Mama Shukrani, umenifundisha wizi wa kwenu. Wakija nawaambia, hiki kichwa ni Ugogo. Mnataka kupita? Hongo kwanza. Hawana kitu hawa, wanababaisha tu, wanakaa nje huko wananung'unika."

"Mimi nilijua," nikamwambia. "Hata vichaa wa kichwani mwako ni Wanyamwezi. Mikono mitupu."

Tulicheka mpaka muuza nyanya akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo mikono ilikuwepo na akili ilikuwepo. Kilichokosekana ni vichwa. Mtaa wetu una adabu ya kinafiki. Watu wanapita, "Adriano, unaendeleaje? Tunashukuru Mungu, umenawiri!" halafu wanakwenda kunyolewa sokoni. Mwanaume mzima anatembea na nywele kama kichaka, anapita mbele ya kibanda kilicho wazi, wembe mpya umepangwa, taulo limefuliwa. Niliwasema. Nani hajasemwa? Mmoja nikamuuliza, "Huyo wa sokoni ulimpima kichwa?" Akasema, "Mama Shukrani, ni shingo yangu hiyo." Adriano akaanza kutaja Puge. Akasema akimaliza kodi ya msimu ule, kiti atakiuza.

Ndipo mama mkwe wangu akafariki. Bibi wa watu aliishi mpaka akawazika marafiki zake wote, akaenda usingizini, hapa hapa Gongoni kwetu. Wagogo wakaja kutoka Manyoni, Bahi na Dodoma, wakajaa uani. Na msiba wa Mgogo ukiwa Tabora, watani hawaitwi, wanakuja. Adriano alikuja na fimbo ya marehemu, akaiiga ile miguu yake ya kuvuta, akawadai wafiwa sabuni aliyomkopesha bibi mbinguni jana yake. Waliokuwa wanalia wakacheka, wakarudi kulia vizuri zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Siku ya kuanua matanga, kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, watoto wa marehemu wananyolewa nywele za msiba, na anayenyoa ni mtani, na anayeanza kukaa ni mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni shemeji yangu Benjamini, mstaafu wa reli, mzee wa kanisa, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Hakulia tangu afike. Alipanga viti, alipanga wapishi, alipanga mpaka waliaji. Adriano akaleta kiti cha mninga katikati ya uwanja, akasimama nyuma yake, wembe mkononi. Mimi nikashika beseni la maji. Mtaa mzima ulikuwa umesimama ukutani, wale wale wa sokoni.

Benjamini akaja, akafika kitini, na mtu akamnong'oneza sikioni. Nilimwona huyo mtu, na mpaka leo chai yangu hanywi. Benjamini akasimama.

"Nimeambiwa wewe una ugonjwa wa akili," akasema, na sauti yake haijui kunong'ona. "Ni kweli?"

Mimi ni mke wa mdogo wake, sina ruhusa ya kumkatiza, na nilikuwa nalibana beseni kwa mikono miwili ili nisilirushe. Wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Hiki hapa ndicho kilio chenyewe. Nikamwomba Mungu Adriano aseme hapana. Neno moja tu. Nani angemuumbua?

"Ni kweli, mzee," Adriano akasema. "Unaitwa skizofrenia. Natumia dawa kila siku, na leo nimekunywa."

"Unasikia sauti?"

"Nasikia."

"Sasa hivi?"

Adriano akainamisha kichwa upande mmoja kidogo, akasikiliza, bila haraka, kama mtu anayeulizwa saa. "Sasa hivi ndiyo. Wawili, kwa mbali."

Watu wakaguna. Elieza akasogea mbele. Nikaona kibanda kinafungwa, nikaona kiti kinauzwa, nikaona basi la Nzega.

"Wanasema nini?" Benjamini akauliza.

"Wanasema kichwa cha Mgogo huyu ni kikubwa kama tenki la reli, kitanimalizia nyembe zote."

Kisha muuza nyanya akapasuka kwa kicheko, na mwingine, na uwanja mzima ukaenda. Hata leo hakuna anayejua kama ni wao waliosema au ni yeye. Nimemuuliza, hataki kuniambia. Lakini Benjamini hakucheka. Alimtazama Adriano kwa macho ya mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Akageuka, akaketi kitini kwa uzito wake wote, mninga ukalia.

Watu bado wanacheka, yeye akamvuta Adriano kwa ukosi wa shati, akamshusha mpaka karibu na mdomo wake. Nilikuwa hapo na beseni, ndiyo maana nilisikia. Ile sauti isiyojua kunong'ona ilinong'ona.

"Mama ananiita," akasema. "Tangu tumzike. Ananiita Beni, kama nilipokuwa mdogo. Namsikia kabisa, sikioni. Sijamwambia mtu." Machozi aliyoyazuia toka siku ya kwanza yakawa yanashuka mashavuni. "Na mimi ndiyo nimeanza?"

Adriano alirudisha wembe nyuma, mbali na lile shavu, akachuchumaa mbele yake. Hakumtania.

"Hapana, mzee. Wewe una msiba. Wengi huwasikia wapendwa wao hivyo, na hupungua. Mwitikie tu, ni mama yako." Akamwekea mkono begani, na ule mkono haukucheza. "Isipopungua, au akianza kukutuma mambo, usifiche kama nilivyoficha mimi. Njoo kibandani, nitakupeleka kwa dakta wangu."

Benjamini alilia. Mzee wa kanisa, mwanaume wa kilo zile zote, alilia mbele ya mtaa, mabega yanapanda na kushuka, na kicheko kikafa chenyewe ukutani, mtu mmoja mmoja. Adriano alimngoja. Alipotulia, Benjamini akajifuta kwa kiganja; Adriano akarudi nyuma ya kiti, naye mzee akaegemeza kisogo chake mikononi mwake na kuiacha shingo wazi.

"Nyoa," akasema.

Nikasogeza beseni. Adriano akalowesha nywele, akaanza kunyoa.